Kusafisha filta ya tangi la samaki huku nyanda za juu: baridi, umeme kukatika na maji ya masika

Mfugaji Isanga (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka ikifika mwezi wa sita na wa saba napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa wenye matangi ya samaki wa mapambo, iwe Mbeya mjini, Mafinga, Makambako au Njombe: tangi limesafishwa Jumamosi likang'aa, Jumatatu samaki wawili wamekufa na waliobaki wanahema juu ya maji. Mara nyingi ukiuliza vizuri unakuta filta imeoshwa mno, tena kwenye baridi. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa kwa watu wa joto na umeme wa uhakika, ndiyo maana nimeona niandike ya kwetu.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake kila anapopumua. Kinyesi na chakula kilichobaki chini vikioza, amonia inaongezeka. Hiyo amonia inaunguza mashavu ya samaki, na wanaoiondoa ni bakteria waliojishika kwenye sponji, kwenye vipande vya kauri, hata kwenye changarawe. Kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki wengi wanaivumilia hadi kama miligramu 40 kwa lita. Tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hawa wanazaliana taratibu sana. Wale wa kuozesha chakula wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, hawa wetu wanahitaji karibu siku nzima hata hali ikiwa nzuri. Ndiyo maana tangi jipya linachukua wiki nne hadi sita kukomaa. Joto linalowafaa ni nyuzi 25 hadi 30. Likishuka hadi 18, kasi yao inapungua karibu nusu, na nyumba nyingi za huku zisizo na hita kwenye tangi zinashuka chini ya hapo alfajiri ya Julai. Kwa hiyo ukiwaosha bakteria wako Dar es Salaam, wanarudi haraka kiasi. Ukiwaosha hapa wakati wa baridi, samaki wako wanakaa kwenye sumu muda mrefu zaidi.

Kuna na suala la mwinuko, ambalo sijaona likizungumzwa. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa oksijeni pwani yana kama miligramu 8.2 kwa lita. Ya kwetu yana kama 6.7. Bakteria wa filta wanakula oksijeni nyingi mno: gramu moja ya naitrojeni ya amonia inataka zaidi ya gramu nne za oksijeni. Filta iliyoziba huku inaleta shida mapema kuliko filta hiyo hiyo ikiwa Tanga. Maji ya juu lazima yatikisike wakati wote.

Sasa namna ya kuisafisha. Chomoa plagi za vifaa vyote kabla mkono haujaingia majini, na hita uizime mapema ipoe, maana ikibaki inawaka huku maji yakishuka, kioo chake kinapasuka. Nyonya maji ya tangi kwa mpira uyaweke kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni. Sponji itoe taratibu, na kabla hujaiinua iwekee chombo chini yake, vinginevyo tope lote linarudi tangini. Ikamue ndani ya ndoo hiyo mara mbili tatu. Maji yatageuka kahawia mazito, na harufu yake inatakiwa iwe ya udongo uliolowa. Ikinuka yai viza, ujue sehemu ya filta ilikosa oksijeni na uchunguze kwa nini. Baada ya kukamua mara chache sponji itakuwa bado ya kahawia, ila maji yanapita kwa urahisi. Hapo acha. Ukiendelea kuisugua mpaka ing'ae kama sufuria ya sherehe, umewatoa wenye kazi.

Maji ya bomba yana klorini ya kuua vijidudu, na bakteria wetu ni vijidudu vilevile. Sponji isiguse maji ya bomba, hata kidogo. Sabuni ndiyo kabisa, usifikirie.

Kama filta yako ina sponji mbili, osha moja leo, ya pili baada ya wiki mbili au tatu. Vipande vya kauri mimi sivisugui. Navitikisa tu kwenye maji ya tangi pale vinapoanza kushika tope. Siku ya kuosha filta usisugue changarawe na usibadilishe nusu ya tangi, kila kazi iwe na wiki yake. Sponji ikichakaa na kuanza kulegea, weka mpya pembeni ya ile ya zamani mwezi mzima kabla hujaitupa.

Kuhusu ratiba, watu wanapenda kuambiwa "kila baada ya wiki mbili". Mimi naangalia mkondo wa maji. Ukiona maji yanayotoka yamepungua nguvu, au vinyesi vinakaa chini bila kusogea, muda umefika. Tangi lenye samaki wachache wanaolishwa kwa kiasi linaweza kwenda wiki sita. Lenye mbuna wengi, wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, litataka mapema zaidi.

Na msisahau kile kipangaboi kidogo chenye sumaku ndani ya pampu. Watu wanaosha sponji, mkondo hauongezeki, wanafikiri pampu imekufa. Fungua kifuniko, kivute nje. Utakuta ute umekizunguka, na ndani ya tundu lake ute mwingine, wakati mwingine unywele au kipande cha jani. Tumia mswaki wa zamani na kijiti cha pamba. Kile kijiti chembamba cha kauri kinachopita katikati kinavunjika kirahisi, kwa hiyo kivute kikiwa kimenyooka na usikipindishe, na vile vipira viwili vya mwisho visianguke kwenye sinki. Pampu inayokwaruza ikishasafishwa hivyo mara nyingi inanyamaza. Isiponyamaza, tazama kama kijiti kimelika.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mama Kihesa

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi nipo Iringa, tangi la lita 80, gapi na samaki wa dhahabu. Mvua zikikolea maji ya bomba yanakuja na rangi ya udongo, na sponji inaziba ndani ya siku chache. Nimeambiwa nitumie shabu kutuliza tope. Ni sawa kwa samaki?

Mfugaji Isanga

Karibu dada yangu. Shabu inatuliza tope kweli, na mama zetu wameitumia miaka mingi kwa maji ya kunywa. Ila kwenye tangi mimi nakushauri uiache. Shabu inapofanya kazi inakula ile hali ya maji ya kuzuia tindikali, na maji yakiwa laini pH inashuka, yaani maji yanazidi kuwa ya tindikali. Pia inaacha aluminiamu, ambayo kwenye maji ya tindikali inadhuru mashavu ya samaki.

Tafuta pipa au ndoo mbili kubwa uyaache maji yatulie siku mbili. Chota ya juu taratibu bila kutikisa chini, yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba. Kuyaacha wazi hivyo kunasaidia na klorini pia, inapotea hewani, na jua linaiharibu haraka zaidi, kwa hiyo ndoo ikae kibarazani na si stoo. Mwenye haraka anatumia dawa ya kuondoa klorini, ambayo nyingi zina sodiamu thayosalfeti. Msimu wa tope weka tabaka jembamba la pamba ya mito, ile ya poliesta, mbele ya sponji. Hiyo ndiyo itupe kila ikijaa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia tope na hatutegemei bakteria wake.

Jambo jingine: samaki wa dhahabu na gapi hawalingani kwa joto, na samaki wa dhahabu anachafua sana. Lita 80 atazijaza akikua. Filta yoyote utakayoweka hapo itafanya kazi ya ziada.

Fundi Mwanjelwa

Uzi mzuri. Niongezee upande wa umeme, maana ndipo ninapoitwa sana. Pampu ya hewa mnaiweka chini ya tangi, kwenye kabati. Umeme ukikatika, maji yanarudi kwa mpira mpaka kwenye pampu, na wakati mwingine mpaka sakafuni. Iwekeni juu ya usawa wa maji, au mweke kile kivali kidogo cha kuzuia maji kurudi. Na waya wa kila kifaa uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke pale chini na lisitiririke hadi kwenye soketi.

Ila mleta uzi, mimi bado naamini filta ya kopo, ile iliyofungwa inayokaa nje ya tangi, ndiyo bora kuliko zote. Ina nafasi kubwa ya kauri, haipigi kelele, unaisafisha mara chache.

Mfugaji Isanga

Fundi, hilo la kivali umenitangulia, shukrani. Kuhusu kopo la nje, sikatai ubora wake pale umeme unapotulia. Shida yake ni kwamba limefungwa. Umeme ukikatika, maji yaliyomo ndani hayapati oksijeni mpya, na bakteria walio wengi wanamaliza iliyopo ndani ya saa chache. Wanaanza kufa, kisha wanaingia wale wanaoishi bila oksijeni na kutoa ile gesi ya yai viza. Umeme ukirudi usiku na wewe umelala, pampu inasukuma uchafu wote ule tangini kwa mkupuo.

Mwenye kopo afanye hivi: umeme ukikatika zaidi ya saa mbili tatu, chomoa plagi yake. Ukirudi, lifungue kwanza, mwaga maji yaliyomo, suuza kauri kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukijua umeme utakatika kutwa nzima, toa kauri zote uzitie kwenye wavu ndani ya tangi lenyewe.

Kwa mazingira yetu mimi naipenda filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ipo wazi ndani ya tangi, umeme ukiondoka bakteria wanaendelea kupata oksijeni ya maji yanayoizunguka. Pampu yake inakula wati chache tu, betri ndogo yenye sola inaibeba usiku kucha. Haina kipangaboi cha kusafisha. Na mapovu yake yanatikisa maji ya juu, jambo ambalo nimesema mwinuko wetu unalidai. Haipendezi machoni, hilo nakubali, lakini jiwe moja mbele yake linaificha.

Umeme ukiwa haupo, msilishe. Samaki mzima aliyeshiba anakaa siku kadhaa bila chakula bila madhara, na tumbo tupu linatoa amonia kidogo. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kidogo, dakika chache kila baada ya nusu saa, hasa wakianza kupanda juu. Na kama ni usiku wa baridi, funika tangi kwa blanketi ubavuni ukiacha juu pana nafasi ya hewa.

Mdau Tukuyu

Habari wakuu. Huku Rungwe mvua ni nyingi, natumia maji ya mvua ya paa kwa sababu hayana klorini. Miezi ya kwanza tangi lilikuwa zuri sana. Sasa hivi nimepima, amonia inaonekana ingawa filta sijaiosha kwa bomba wala sijaongeza samaki. pH inasoma chini ya 6. Tatizo ni nini?

Mfugaji Isanga

Ndugu yangu, umefanya vizuri sana kupima, ungeweza kuhangaika na filta bure. Maji ya mvua karibu hayana bikaboneti. Bakteria wanapogeuza amonia wanatengeneza tindikali, na bikaboneti ndiyo inayoizima. Zikiisha, pH inaporomoka, na chini ya 6 bakteria wanakaribia kusimama kabisa. Filta yako ni nzima, imekosa malighafi.

Usipandishe pH kwa ghafla! Kwenye pH ya chini sehemu kubwa ya amonia ipo katika umbo lisilo kali. Kutoka pH 7 hadi 8 kiasi cha amonia ile kali kinaongezeka karibu mara kumi. Ukimwaga magadi leo utawaunguza samaki kesho. Badilisha maji kwanza, kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi kila siku, ukichanganya ya mvua na ya mto au ya kisima. Amonia ikishuka, tia mfuko mdogo wa vipande vya mawe ya chokaa ndani ya filta, yanayeyuka taratibu pale tu maji yanapokuwa ya tindikali. Mawe ya chokaa yapo upande wa Songwe. Kuyatambua, dondoshea ndimu au siki: yakitoa mapovu, ndiyo yenyewe.

Tena wewe una bahati ya aina yake. Yale mawe mepesi ya volkano yaliyotapakaa mashambani kuzunguka Mlima Rungwe, yanayoelea majini, ni nyumba nzuri ya bakteria kwa sababu ya matundu yake. Yaoshe vizuri, yachemshe, yaache kwenye ndoo mpaka yazame. Yavunje ukubwa wa kidole gumba. Yanafanya kazi ya kauri za dukani.

Mdau Njombe

Na mkaa je? Filta yangu ilikuja na kifuko cha mkaa na maelekezo yanasema kibadilishwe kila mwezi. Vifuko hivyo huku havipatikani. Naweza kuweka mkaa wa jikoni?

Mfugaji Isanga

Mkuu, mkaa wa jikoni usiweke. Una majivu yanayopandisha pH, na haujatengenezwa kwa mvuke wa joto kali unaofungua yale matundu madogo madogo ya mkaa wa filta. Habari njema ni kwamba tangi la kawaida halihitaji mkaa. Kazi yake ni kuondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Baada ya wiki chache umejaa, unabaki kuwa mahali pa kukaa bakteria tu. Nafasi yake jaza sponji au yale mawe ya Rungwe. Mkaa mpya uweke baada ya kumaliza kutibu samaki, na wakati wa kutibu uutoe, la sivyo mkaa huo utanyonya dawa yote.

Lile suala la kubadilisha kifuko kizima kila mwezi linanisumbua. Filta nyingi ndogo zina kifuko kimoja tu, ndani yake mkaa na sponji pamoja. Ukikitupa umetupa karibu bakteria wote. Kata sponji ya ziada uibane nyuma ya kifuko, ikae hapo mwezi, ndipo uamue.

Dada wa Mafinga

Kaka mimi nimechelewa kuuona uzi. Kijana wa nyumbani ameosha filta yote kwa bomba juzi. Leo maji yana ukungu mweupe, samaki wamepanda juu. Ni mbuna wa kutoka Matema, sitaki wafe. Nifanye nini saa hii?

Mfugaji Isanga

Pole sana dada. Usilishe kabisa kuanzia sasa. Badilisha robo ya maji leo, yaliyokwisha kutolewa klorini na yaliyolingana joto na ya tangi, kesho tena robo, na uendelee hivyo hadi vipimo vikae sawa. Mbuna wa Nyasa wanapenda maji ya pH 8 na kuelekea juu, na hapo amonia ni kali zaidi, kwa hiyo usisubiri kuona kitakachotokea. Ongeza mapovu ya hewa uwezavyo. Ule ukungu ni bakteria wa kuozesha waliolipuka, wataondoka wenyewe. Usioshe filta tena kwa ajili yake.

Baada ya siku kadhaa naitraiti itapanda. Hiyo inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu inakuwa ya kahawia. Chumvi ya kawaida inasaidia, kwa sababu kloraidi inagombania mlango uleule kwenye mashavu. Gramu moja kwa kila lita kumi inatosha kuanzia, iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Hita iweke nyuzi 26.

Na dawa ya kweli ni hii: tafuta mwenye tangi lililokomaa, samaki wake wakiwa wazima, akukamulie sponji yake kwenye ndoo, au akupe kipande. Kisafirishe kikiwa kimelowa, kwenye chombo chenye hewa, kisipate joto wala jua. Fundi, si ulikuwa na mtu wako upande wa Mafinga?

Fundi Mwanjelwa

Yupo, ana tangi la miaka. Dada nitumie ujumbe wa ndani nikuunganishe naye jioni hii.

Dada wa Mafinga

Asanteni sana, nimeshabadilisha robo na hewa nimeongeza. Nakutumia ujumbe fundi.

Mama Kihesa

Mungu awasimamie hao samaki dada. Kaka, swali la mwisho. Desemba tunakwenda kijijini wiki mbili. Nioshe filta siku ya kuondoka ili niache pakiwa safi?

Mfugaji Isanga

Hapana dada, ioshe siku kumi kabla. Kosa lolote litaonekana ukiwa bado nyumbani. Kipangaboi kikague siku hiyo hiyo, hakikisha pampu inaanza yenyewe ukizima na kuwasha swichi, maana umeme utakatika ukiwa mbali na pampu yenye ute huwa inagoma kuanza upya. Chakula cha wiki mbili mgawanyie jirani kwenye vikaratasi, kimoja kwa kila baada ya siku mbili, na kopo lenyewe la chakula ulifungie. Plagi zibandike karatasi zenye majina, ya filta na ya hita, na jirani ajue kuwa ya filta haizimwi hata akiambiwa inakula umeme.